Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu na Waziri wa Katiba na Sheria: mashine yetu ilithaminiwa ikiwa imezimwa

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Manzese hapa Dar, na kwa miaka 14 nimefanya biashara ya sembe. Tulikuwa tunaagiza mahindi Kibaigwa, tunakoboa, tunasaga, tunajaza kwenye viroba vya kilo 5, 10 na 25 halafu tunasambaza madukani, na nikisema tulikuwa namaanisha mimi na aliyekuwa mume wangu, baba watoto, maana ile biashara tuliianza wawili mwaka wa pili wa ndoa, yeye kauza pikipiki yake na mimi nimepokea hela ya mchezo, tukanunua kinu kimoja kibovu cha mtumba tukakifufua. Leo ndoa haipo, talaka ilishatoka, kila mtu yuko kwake, na siandiki kulia kuhusu talaka. Wala siombi kesi yangu ifunguliwe upya, muda wa rufaa ulishanipita nikiwa nahangaika na ada za shule. Naandika kuhusu siku ile mthamini alipokuja.

Kwenye nyumba alikaa karibu saa nzima. Kavuta futi, kapiga picha paa, kahesabu madirisha ya alumini, kauliza kiwanja kina hati au ni leseni ya makazi, hadi choo cha nje kakipima. Kazi safi, na nyumba sina malalamiko nayo. Baadae tukaenda kwenye mashine. Mlango ulikuwa umefungwa kufuli, siku hiyo hakukuwa na kazi maana tulikuwa kwenye ugomvi na hata uniti za umeme zilikuwa zimeisha, kwahiyo kaingia kwenye chumba cha giza na tochi ya simu, kaziangalia mashine mbili zimekaa pale na vumbi lake la unga, kauliza "hizi zinafanya kazi?" Baba watoto akamjibu zinasumbua sumbua. Mthamini akaandika: mashine ya kukoboa moja na ya kusaga moja, chakavu, shilingi milioni 4 na laki 6. Dakika kumi hazikufika, tukafunga kufuli tukaondoka.

Hakimu wakati wa hukumu alisema mchango wangu umeonekana, kwenye biashara nipewe asilimia 30. Watu walinipa hongera, eti wengine wanatoka mikono mitupu. Mimi nikapiga hesabu nikiwa kwenye daladala: asilimia 30 ya milioni 4 na laki 6 ni 1,380,000. Ile mashine ikifanya kazi, ukishatoa mahindi, umeme, viroba, vijana na usafiri, ilikuwa inatuachia wastani wa 80,000 kwa siku. Kwahiyo jasho langu la miaka 14 kwenye biashara ile lilikuwa sawa na faida ya siku kumi na saba na asubuhi moja.

Sasa mtaniambia asilimia 30 ni ndogo au kubwa, hayo mambo wanasheria wanayabishania kila siku, mwanamke achangie nini apate ngapi. Mimi swali langu liko nyuma ya hapo. Asilimia 30 ya nini?

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nimekisoma mwenyewe, nimesomewa na binti wa msaada wa kisheria, nimekirudia tena usiku peke yangu. Kinasema mahakama ina mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, au kuamuru ziuzwe zigawanywe hela, na iangalie mila, iangalie nani kachangia nini kwa hela, mali au kazi, iangalie madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, iangalie mahitaji ya watoto, na mwisho kinasema ielekee kwenye usawa. Vizuri kabisa. Lakini hakuna mahali kinapoeleza thamani ya hiyo mali inapatikanaje. Kwa shamba au nyumba unaweza ukasema siyo shida, mthamini yupo, sheria ya wathamini ya 2016 ipo na bodi yake ipo. Kwa biashara inayotembea sisi watu wa chini tumeachiwa kuhesabu vyuma.

Na hii siyo lawama kwa yule mthamini, alifanya alichotumwa. Mtu aliyesomea ardhi na majengo ukimpeleka kwenye kinu ataona chuma, kama ambavyo ukinipeleka mimi kwenye kiwanja nitaona majani.

Niwaulize kitu, mtu akitaka kununua mashine ya kusaga mtaani anauliza nini kwanza? Anauliza inaingiza ngapi kwa siku. Anakaa hapo nje siku mbili tatu anajifanya anasubiri mtu, anahesabu magunia yanayoingia. Hata anayeuza uwakala wa simu, kile kibanda cha mbao chenye thamani ya laki mbili, anakuonyesha kamisheni ya miezi mitatu kabla hajataja bei, na bei anayotaja haina uhusiano wowote na mbao. Ukienda Kariakoo kuchukua fremu unakuta kodi ya mwenye nyumba iko pembeni na kilemba cha anayekupisha kiko pembeni, na kilemba kinaweza kukutoa jasho kuliko mzigo wenyewe. Unalipia nini pale, kuta siyo zake, rafu utang'oa. Unalipia eneo, wateja waliozoea mlango ule, na usumbufu ambao mwenzako alishaumaliza. Wafanyabiashara tunajua hiyo thamani ipo na tumeipa jina. Ikifika mahakamani inakosa kiti.

Kwetu ilikuwepo ya aina tatu na naomba mnivumilie niieleze maana hapa ndipo kwenye hela.

Kuna wateja. Maduka kama sitini hivi kuanzia Tandale mpaka Mabibo na Kigogo, kila duka najua linachukua viroba vingapi na linalipa lini, nani analipa keshi, nani anakopa mpaka Jumamosi. Hiyo orodha ilikuwa kwenye kaunta buku zangu, sikuikuta kwenye taarifa ya uthamini.

Kuna jina. Viroba vyetu vilikuwa na picha ya jogoo mwekundu, mama wa nyumbani alikuwa anamtuma mtoto "niletee ya jogoo", hajui hata tunaitwa nani. Nitarudi kwa huyo jogoo.

Halafu kuna mali kauli, na hii ndiyo inaniuma. Kuna mzee mmoja Kibaigwa tulianza naye na magunia kumi ya keshi. Mwaka wa tatu akaanza kunipa nusu kwa keshi nusu kwa mdomo. Mwaka wa sita nilikuwa napiga simu tu, "shikamoo baba, huku mzigo umekata", ananiambia "Mama Sembe, gari linapakia jioni, hela utatuma ukishauza". Magunia mia, bila karatasi, bila dhamana, kwa sauti ya simu. Waheshimiwa, hiyo ni mtaji. Mtu wa benki angenidai hati ya nyumba kwa hela ile. Na nilijenga mimi, kwa kulipa siku niliyosema nitalipa, hata ile masika ambayo viroba vililoa stoo nikauza cherehani yangu nikamtumia hela yake. Wakati wa kesi nikaulizwa mchango wangu nikasema nilikuwa naleta mahindi kwa mali kauli, nikaulizwa nina mkataba. Mali kauli ikiwa na mkataba siyo mali kauli tena.

Ila niwe mkweli, hapo kuna ugumu na sitaki kujifanya sijauona. Ile imani ya mzee ilikuwa ya biashara au ilikuwa ya kwangu mimi? Maana baada ya kuachana alinipigia akasema yeye anaendelea na mimi, baba watoto akitaka aje na keshi. Kwahiyo sehemu ya thamani nilitoka nayo kwenye simu yangu, haikubaki kwenye kinu. Mtu wa haki atasema hiyo nisidai mara mbili, na sidai. Jirani yangu ana saluni, walipoachana mume akadai nusu, akaleta picha za foleni ya mkesha wa Idi kuonyesha biashara ni kubwa. Wale wateja walikuwa wanafuata mikono ya yule dada, akihamia chini ya mwembe watamfuata chini ya mwembe, sasa ukimkata nusu ya mikono yake unamgawia mwanaume nini? Madraya na viti sawa, eneo sawa, mikono hapana. Mashine ya unga siyo hivyo, ya jogoo ikiendelea kutoka dirishani mama wa nyumbani hajui kama mimi nimeondoka. Ndiyo maana nasema hii kazi inataka mtu anayeijua, aweze kutenganisha kinachobaki na kinachoondoka na mtu, siyo kila biashara ipigwe rula moja.

Kaka yangu ana rafiki mhasibu, hesabu alinifanyia bure baada ya kesi kuisha, yaani kwa uchungu tu. Alichukua ile 80,000 (na hiyo ni wastani wa kaunta buku za miaka mitatu, kuna siku tumepata 150,000 na kuna siku umeme umekatika tumeambulia kuwalipa vijana). Akaniambia hiyo yote siyo ya biashara, humo ndani kuna mshahara wa msimamizi, ukimwajiri mtu wa kukaa pale kutwa utamlipa kama 20,000, kwahiyo biashara yenyewe inabaki na 60,000. Siku 26 za mwezi ni 1,560,000, mwaka ni 18,720,000. Akasema mnunuzi mwoga kabisa, anayeogopa bei ya mahindi na ushindani wa hapa Manzese, tuseme anakubali kulipa faida ya miaka miwili tu, hiyo ni 37,440,000. Toa madeni yote ya biashara, la benki la mota mpya, la mahindi ya mzee na la kikundi nililokopa kwa jina langu nikaliingiza kwenye mashine, jumla milioni 11 na laki 2. Inabaki 26,240,000. Asilimia ile ile 30 niliyopewa ni kama milioni 7 na laki 8.

Miaka miwili siyo amri, mwingine atasema mwaka na nusu, mwingine mitatu, hapo ndipo wataalamu wabishane. Lakini hata ukipiga mwaka mmoja tu bado huwezi kutua kwenye milioni 1 na laki 3.

Na lile deni la kikundi, nikikumbuka nacheka kwa hasira. Wanawake wangapi wanakopa kwenye vikundi kwa majina yao, hela inaingia kwenye biashara yenye leseni ya mume, talaka ikija biashara ni ya mume na deni ni la mke? Mahakamani niliambiwa huo mkopo ni wangu binafsi maana jina ni langu. Kifungu kinataja wazi madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote. Kilikuwepo, ila hakuna aliyekaa na karatasi ya mkopo na karatasi ya mota akalinganisha tarehe. Zilipishana siku nne.

Sasa nije kwenye kodi, na hapa najua nitachekwa. Mwenzangu alileta mahakamani makadirio ya kodi kuonyesha biashara ni ndogo. Na kweli kwenye karatasi ilikuwa ndogo, mauzo tuliyokuwa tunayatangaza hayafiki hata robo ya ukweli. Nilikuwa nimekaa pale nimekunja mikono, ningesemaje, wakati yale makadirio tulienda wote wawili, na mimi ndiye niliyemwambia tuseme mwaka ulikuwa mbaya? Nikisema biashara ni kubwa najishtaki, nikinyamaza napoteza haki yangu. Nimeongea na wanawake wengine wa biashara waliopita njia hii, karibu wote walikwama hapo hapo, na wanaume wanajua tutakwama hapo.

Siombi serikali isamehe kodi. Naomba karatasi ya kodi isiwe kipimo pekee cha ukubwa wa biashara ya familia, maana kila mtu nchi hii anajua ilivyoandikwa. Kama kuna kodi iliyofichwa ihesabiwe kama deni la biashara, itolewe juu kabla ya kugawana, tuumie wote wawili kama tulivyofaidi wote wawili. Hiyo inaweza ikawapa TRA hela ambayo leo hawaioni kabisa, maana saa hizi tunaficha wote, mmoja kwa ujanja na mwingine kwa woga.

Na vipimo vingine vipo, havihitaji chuo kikuu. Stetimenti za lipa namba zipo. Na kwa mashine ya kusaga kuna kitu kizuri zaidi, umeme. Mita ya LUKU ina namba, na kila uniti iliyonunuliwa kwa namba ile ina tarehe yake. Mimi nilikuwa najua uniti moja inatoa kilo ngapi kwenye mashine yetu kama mama anavyokijua kibaba chake. Nipe manunuzi ya umeme ya mwaka nikuambie tumesaga magunia mangapi, nitakosea kidogo sana. Mtu anaweza kuficha daftari, anaweza kuacha kutoa risiti, lakini mota ya fezi tatu haizunguki kwa maneno. Mahakama ingeandika barua moja tu TANESCO ikaomba hiyo historia, ile "zinasumbua sumbua" ingekufa palepale. Mimi sikujua kama naweza kuomba, sikuwa na wakili, na hakimu hakuniambia.

Kingine ni muda. Kuanzia nimefungua shauri mpaka hukumu ilipita miezi 19, usihesabu baraza la usuluhishi la kata ambako mzee mmoja alituuliza kwa mshangao "yaani mnagombania kinu?" kama vile tunagombania mwiko. Ndani ya hiyo miezi 19 ndipo biashara ilipohama. Stoo ilipungua kidogo kidogo, mota mpya ikaenda "kutengenezwa" haikurudi, na mtaa wa pili ikafunguliwa mashine nyingine yenye leseni ya shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, kijana ambaye mwaka uliopita alikuwa ananikopa nauli. Viroba vya pale vina picha ya jogoo. Wa kijani. Yule yule, kasimama vile vile, mguu mmoja juu, wamembadilisha rangi tu. Maduka yangu sitini yakaanza kupokea jogoo wa kijani na mama wa nyumbani hakuona tofauti. Siku mthamini anakuja na tochi yake alikuwa anathamini ganda, yai lilishaliwa.

Nilipomlalamikia wifi akaniambia ile ni biashara ya ukoo, wewe ulikuja ukaikuta. Niliikuta wapi?

Kwahiyo ombi langu la kwanza, Mheshimiwa Jaji Mkuu, ni hili: shauri la talaka likifunguliwa na kwenye orodha ya mali kuna biashara inayofanya kazi, hesabu ya mzigo ifanyike hapo hapo mwanzoni, ndani ya wiki mbili, kabla watu hawajapata akili ya kuhamisha. Aende karani na mtu anayejua hesabu, wahesabu magunia, wapige picha mashine ikizunguka, wachukue nakala za madaftari, stetimenti na historia ya umeme, na iandikwe kwamba tarehe ya kupima thamani ni hiyo, siyo tarehe ya hukumu. Mali ikipungua baada ya hapo aliyebaki nayo ndiye aeleze imekwenda wapi. Zuio la mahakama la kuhamisha mali najua lipo kwenye sheria, lakini zuio la kuombwa na mtu mwenye wakili ni la mwenye wakili.

Pale Temeke mmeweka kituo jumuishi cha masuala ya familia, nimekwenda kwa kesi ya mirathi ya shangazi, kwakweli ni mahali pazuri, mtu unapata huduma nyingi bila kuzungushwa mji mzima. Kwenye mahali kama pale ongezeni dirisha moja la mhasibu. Bodi ya wahasibu NBAA ipo, watu wamesoma wapo, wapangiwe zamu kama mnavyofanya kwenye msaada wa kisheria, na ada yao kwa biashara ndogo itoke kwenye biashara yenyewe kabla ya kugawana. Siyo kila biashara inahitaji ripoti ya kurasa hamsini. Kwa mashine, duka, bajaji mbili tatu, kurasa tatu zinatosha: inaingiza ngapi, inadaiwa ngapi, mtu mmoja akiondoka inabaki na nini.

Kwa Mheshimiwa Waziri, ni maneno machache tu kwenye sheria. Wenzetu Kenya kwenye Sheria yao ya Mali za Wanandoa ya 2013 wameandika kabisa kwamba kusimamia biashara ya familia ni mchango, pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto na kazi za shamba. Mahakama yao ya Juu Januari 2023 ilisema hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, kila mtu athibitishe, sawa, lakini angalau mwanamke anaingia mahakamani kazi yake ikiwa na jina. Sisi tulitangulia kwa njia nyingine, kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango, mpaka leo tunaitegemea, ingawa yeye mwenyewe hakupata kitu maana ilionekana alishapewa hela akazitumia vibaya. Sasa miaka zaidi ya 40 imepita tumebaki kubishana nani kachangia, na kile kinachogawanywa bado tunakipima kwa tochi. Wekeni kwenye kifungu cha 114 kwamba biashara inayoendelea ithaminiwe kama inayoendelea, na kwamba thamani yake siyo vifaa peke yake, kanuni zitaeleza mengine.

Halafu kuna namna ya kulipa. Sikutaka mashine iuzwe. Ikiuzwa vyuma wote tumeumia, vijana wanne wamekosa kazi na watoto wangu wamekosa baba mwenye kipato. Ningekubali anilipe kidogo kidogo, laki mbili kwa mwezi kwa miaka mitatu, kwa amri ya mahakama, akikwepa miezi mitatu mfululizo mashine isimame. Na wala siyo huruma, ni hesabu, maana hizo hela zinatoka kwenye 60,000 za kila siku, hazitoki mfukoni kwake. Hakuna aliyetupa hiyo nafasi kwasababu kwa milioni 1 na laki 3 hakukuwa na haja, aliilipa kwa mkupuo, hata hakujikuna kichwa.

Na haya yote niliyoyasema yahesabike pia siku mwanamke ndiye mwenye biashara na mwanaume ndiye anayedai. Wapo. Kuna kaka alikuwa anaamka saa tisa usiku kumfuatia mkewe nyanya Ilala miaka nane, genge lina jina la mke, wameachana katoka na redio. Mtu wa kumpimia yeye awe yule yule wa kunipimia mimi.

Mimi nimeanza tena. Nimekodi nafasi kwenye mashine ya mtu, nasaga usiku foleni ikipungua, mzee wa Kibaigwa kanitumia magunia ishirini kwa mdomo. Jogoo sina, viroba vyangu ni vyeupe havina picha, wateja wananiuliza hii ni ya nani.

Kaunta buku za miaka ile ninazo zote tano, zile nene za kwaya tatu, nimezifunga kwenye kiroba juu ya kabati. Mkitaka kumtuma mtu azione jinsi biashara ya familia inavyoandikwa na mwanamke ambaye hakusomea, nitazileta mwenyewe. Mumwambie tu azifungue taratibu, katikati ya kurasa kuna unga.

Wenu,
Mama Sembe, Manzese